UZI: Bilji pampu ya kuaminika kwenye boti ya tanga. Pampu kubwa peke yake haikuokoi

FundiWaNgama (#1)

Wakuu kwema? Huu uzi utakuwa mrefu kidogo, mwenye haraka aweke kambi arudi usiku akiwa ametulia.

Naongelea bilji pampu, yaani pampu ya kutoa maji yanayojikusanya chini ndani ya boti. Naandika kwa ajili ya wenye boti za tanga za faibaglasi zinazolala kwenye boya wiki nzima bila mtu, pale Msasani, Kunduchi, upande wa Kigamboni na kwingineko. Kila masika ikikolea simu zinaanza, fundi njoo boti imekaa chini, na sentensi inayofuata huwa ni ile ile, "na pampu ninayo tena mpya". Ukifika unakuta kweli pampu ni mpya kabisa, ukiipa umeme mkononi inanguruma vizuri. Kilichokufa ni fyuzi, au maungio ya waya yaliyozamishwa kwenye maji ya chumvi, au floti (ile swichi inayoelea, maji yakipanda inawasha pampu) imekwama na uchafu, au mtu alizima swichi kuu wakati anaondoka. Pampu haina kosa lolote.

Jahazi lina baharia anayelala humo humo, akisikia maji yanacheza kwenye ngama, kule chini kabisa yanapojikusanya, anaamka anachukua upo (kata ya kutolea maji) anafua maji mpaka pakauke. Boti yako Jumanne saa nane usiku haina mtu. Baharia wako ni waya mmoja, floti moja na betri moja, kwa hiyo kila kiungo kati ya betri na tundu la kutokea maji ndio wa kumtazama. Watu wanatumia pesa yote kwenye pampu halafu waya wanaokota uliobaki kwenye spika za gari.

Tuanze na hesabu maana hapa ndipo wengi wanadanganyika. Tundu la inchi moja na nusu, yaani kama mpira wa choo umechomoka kwenye valvu yake, likiwa nusu mita chini ya usawa wa maji linaingiza lita mbili na ushee kwa sekunde. Kwa saa ni zaidi ya lita 7,500. Sasa chukua pampu iliyoandikwa galoni 2000 kwa saa, hiyo ni lita 7,500 hivi, unasema aah tumelingana. Hapana. Ile namba ya kwenye boksi imepimwa pampu ikimwaga maji bila kuyapandisha popote, na nyingi zinapimwa kwa volti 13.6, yaani betri ikiwa inachajiwa. Kwenye boti yako maji yanapanda mita moja na nusu, yanapita kwenye mpira wenye mikunjo mikunjo, yanakata kona tatu, na betri iko volti 12 na kidogo. Ukipata nusu ya ile namba shukuru.

Maana yake pampu ya umeme ya kawaida ya boti ya futi 30 haitashindana na mpira mkubwa uliochomoka. Pampu inakupa muda wa kulifikia tundu na kuliziba, na boti ikiwa peke yake inashughulika na yale maji madogo madogo: mvua inayoteremka ndani ya mlingoti mpaka mkukuni, glandi ya shafti (kile kizibo pale shafti ya injini inapotokea nje) inayodondosha, dirisha linalovuja. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabla ya pampu ni valvu zote za chini ya maji zifunguke na kufunga kwa mkono, uzifunge unapoondoka, na kila moja iwe na kigingi cha mti laini kimefungwa kwa kamba pale pale pembeni yake. Sio kwenye droo. Pale pale.

Halafu mpangilio ninaoupenda mimi ni huu. Pampu ndogo chini kabisa kwenye kina cha ngama, hiyo ndio ya kila siku. Pampu kubwa juu yake, inapanda kama sentimita 15 au 20 na floti yake yenyewe, waya wake wenyewe, fyuzi yake yenyewe na mpira wake wenyewe mpaka nje. Hiyo kubwa siku za kawaida inakaa kavu haiguswi na uchafu, ikiamka ujue kuna jambo, kwa hiyo floti ya juu unaiunganisha na kengele. Na ya tatu ni pampu ya mkono, nitarudi kwake.

Kosa ninaloliona sana ni watu kufunga pampu mbili kwenye mpira mmoja na fyuzi moja. Hapo una pampu moja yenye mota mbili.

Baharini_Daima (#2)

Naweka kambi hapa. Uzi kama huu ulikuwa unahitajika.

Kgmboni31 (#3)

Mkuu asante sana. Mimi nina futi 31 iko upande wa Kigamboni, pampu moja tu ipo na inapita kwenye paneli kama taa na redio. Nikiondoka nazima swichi kuu ya betri maana nilifundishwa usiache umeme kwenye boti. Kwa hiyo unaniambia boti yangu wiki nzima haina pampu?

FundiWaNgama (#4)

@Kgmboni31 ndio mkuu, wiki nzima haina pampu. Na hauko peke yako, boti nyingi zimekuja hivyo kutoka kwa mwenye boti wa kwanza.

Fanya hivi. Waya wa floti utoke moja kwa moja kwenye nguzo chanya ya betri, usipite kwenye swichi kuu. Mara tu unapotoka kwenye betri, ndani ya shibri moja hivi, weka fyuzi. Sio kwenye paneli mita tatu mbele, hapana, karibu na betri, maana waya ulio kabla ya fyuzi hauna ulinzi wowote, ukichubuka ukagusa hasi unawaka wenyewe.

Alafu kwenye paneli weka swichi ya njia tatu: otomatiki, zima, na mkono. Ile ya mkono inaruka floti inawasha pampu moja kwa moja, na nzuri ni ile ya springi inayorudi yenyewe ukiachia ili mtu asiisahau ikawaka kavu siku nzima. Wengine hawapendi hata kuwa na sehemu ya kuzima kwa sababu mgeni anaweza kuigusa kwa goti. Hoja yao ina uzito, kama boti yako inapanda watu wengi weka swichi yenye kifuniko.

Weka na taa ndogo inayowaka pampu ikifanya kazi. Kitu kidogo sana ila kinakuambia mambo makubwa.

MzeeWaKunduchi (#5)

Wanangu mimi sikubaliani na hili la kuacha umeme wazi kwenye boti isiyo na mtu. Betri inakwisha, ukija Jumamosi injini haiwaki. Na boti kuungua kwa umeme tumeziona. Kwanini mtu asimlipe kijana wa pale ufukweni akapita kila asubuhi kuangalia na kufua maji? Ndivyo tulivyolea vyombo vyetu miaka yote na havikuzama.

FundiWaNgama (#6)

Shikamoo mzee wangu. Kijana wa kupita kila asubuhi mimi namuunga mkono kwa asilimia zote, na mtu asije akaweka pampu ndio akamwachisha kazi. Jicho la mtu linaona kamba ya boya iliyolika, linaona turubai limepasuka, floti haioni hayo. Ila mvua ya Aprili ikianza saa tatu usiku haimsubiri asubuhi, na upepo wa kusi ukichafuka hata mtumbwi wa kumfikisha kwenye boya hautoki.

Kuhusu betri tupige hesabu. Pampu ndogo inakula ampea mbili na nusu hivi. Ikifanya kazi dakika kumi kwa siku nzima ni chini ya nusu ampea-saa. Hiyo paneli ya sola ndogo ya wati 20 yenye kidhibiti chaji inarudisha kabla ya saa nne asubuhi. Kubwa inayokula ampea 8 ikiwaka bila kupumzika kwenye betri ya asidi ya ampea-saa 100, na huruhusiwi kuinyonya zaidi ya nusu, unapata saa sita. Kwa hiyo boti inayolala kwenye boya bila sola mimi naona haijakamilika. Na betri ya kuwashia injini itenge, pampu zitumie betri ya huduma, ile ya taa na redio, ili hata siku mbaya injini iwake.

Moto nao ni kweli kabisa mzee na ndio maana nimepigia kelele fyuzi. Pampu ikikwama propela yake ndogo ya ndani inayosukuma maji na kipande cha kamba, mota inasimama lakini umeme unaendelea kuingia na unaingia mwingi kuliko kawaida, inachemka. Fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye karatasi ya pampu inakatika. Fyuzi ya ampea 30 aliyoweka fundi "ili isisumbue kukatika" haikatiki, waya ndio unakatika badala yake, kwa moto. Fuata namba ya karatasi ya pampu, usibuni.

MzeeWaKunduchi (#7)

Marahaba. Hapo kwenye fyuzi umenielewesha vizuri. Endelea.

Juma_Waya (#8)

Fundi tupe saizi ya waya basi. Mimi pampu yangu kubwa nimeifunga na waya wa 1.5 na inafanya kazi vizuri tu.

FundiWaNgama (#9)

@Juma_Waya inafanya kazi ndio, ila tuone inafanyaje. Toka betri mpaka pampu tuseme mita 5, umeme unaenda na kurudi kwa hiyo hesabu mita 10. Pampu ya ampea 8 kwenye waya wa milimita mraba 2.5 unapoteza volti nusu na kidogo njiani. Kwa 1.5 unapoteza karibu volti nzima, 0.9 hivi. Yaani betri ina 12.3, pampu inapata 11.4, inazunguka polepole, na pampu hizi za propela zikipunguza mzunguko zinapunguza na nguvu ya kupandisha maji, sio kidogo. Kwa waya wa 4 unapoteza 0.34, hiyo ni chini ya asilimia 3 na ndio kiwango ninachotaka kwenye kitu cha kuokoa chombo.

Sasa waya gani. Chukua kisu ukwangue uzi mmoja wa waya. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani huo ni shaba iliyopakwa bati, ndio wa baharini, nunua. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani hiyo ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, mrudishie mwenye duka hata kama kakupunguzia. Kariakoo yote miwili ipo na kwa macho ya haraka huwezi kuitofautisha. Ukikosa wa bati, shaba safi yenye nyuzi nyingi laini inafaa ila ujue baada ya muda itaanza kugeuka kijani, panga kuibadilisha.

Maungio ndio kaburi la pampu nyingi hapa mjini. Pampu inakuja na kipande kifupi cha waya, mtu anasokota na mwingine anazungushia tepu nyeusi, anauacha umelala ngamani. Chumvi inapenya chini ya tepu, inapanda ndani ya waya wenyewe kama utambi wa taa, baada ya msimu mmoja ukivuta waya unakatika mkononi ukiwa unga wa kijani. Pandisha maungio juu kabisa, juu ya pale maji yatakapofika hata pampu kubwa ikiwaka. Tumia viunganishi vya kubana kwa koleo lake, sio plaizi, halafu funika kwa ule mpira unaosinyaa ukipigwa moto, wenye gundi ndani, mpaka uone gundi imetoka kidogo mwishoni. Fanya waya upinde chini kidogo kabla ya kupanda kwenye kiungo ili matone yadondokee pale kwenye pindo yasiingie.

Dada_Tanga (#10)

Naomba nichangie kwenye upande wa kutokea maji maana naona bado hujafika na kwenye boti ya tanga ndio jambo kubwa kuliko yote. Niliwahi kuwa mmoja wa mabaharia kwenye boti ya mtu tukirudi Dar kutoka Zanzibar kipindi cha kusi. Kurudi huku na kusi unajua, upepo unakupiga upande wa kushoto mbele, boti imelalia kulia masaa na masaa. Tundu la pampu lilikuwa ubavuni kulia, limetobolewa boti ikiwa imesimama wima kwenye boya, sentimita kama 20 juu ya maji. Tukilala tu liko chini ya maji. Pampu ikawaka, ikamaliza, ikazima, na maji yakaanza kurudi kwa njia ile ile kama unavyonyonya mafuta kwenye dumu. Pampu inawaka tena inayatoa, inazima yanarudi. Aliyekuwa kwenye usukani akasema chombo kinavuja, tumefungua mbao zote za sakafu tunatafuta tundu ambalo halipo. Nahodha mmoja mtu mzima tuliyekuwa naye akasema geuzeni boti ilalie upande wa pili, tukageuza, maji yakaacha kuingia hapo hapo. Ndio tukajua.

Wenye boti za injini hawalijui hili kwa sababu zao hazilali. Naomba fundi ufafanue namna ya kuzuia.

FundiWaNgama (#11)

@Dada_Tanga umesema vizuri kuliko nilivyokuwa nimepanga kusema mimi, na huyo nahodha apewe heshima yake.

Kwa boti ya tanga tundu la pampu nalitoa nyuma, kwenye tezi, juu kabisa na karibu na katikati, kwa sababu katikati haipandi wala haishuki sana boti ikilala. Kama lazima litoke ubavuni, mpira upande kwanza mpaka chini ya sitaha karibu na mstari wa katikati, ufanye upinde, halafu ndio ushuke kwenye tundu. Pale juu ya upinde unaweka kivalvu kidogo cha kuingiza hewa kinachovunja ule mnyonyo. Upinde bila hewa hautoshi, maji yakishajaa kwenye mpira yanajivuta yenyewe kupita juu. Na hicho kivalvu kina kitu cha mpira ndani kinachoganda na chumvi, kifungue ukioshe kwa maji ya bomba kila unapopandisha boti kupaka rangi.

Mpira wenyewe uwe laini ndani. Ile bomba ya mikunjo ya bei rahisi inapinda vizuri ila kila mkunjo unayagombeza maji, na baada ya jua la hapa kwetu inapasuka kwenye kona. Mpira uwe unapanda moja kwa moja bila kushuka na kupanda tena, maana pakiwa na bonde maji yanatuama hapo, hewa inafungiwa kati ya maji na pampu, na pampu ya propela haiwezi kusukuma hewa. Itanguruma tu, tone halitoki, ukisikiliza kwa nje unaamini inafanya kazi.

Klipu weka mbili kila mwisho kama nafasi ipo. Nenda na sumaku dukani. Klipu nyingi mkanda wake ni chuma kisichoshika kutu lakini skrubu ni chuma cha kawaida, sumaku inaing'ang'ania skrubu. Hiyo itaoza ikatike, mkanda ukibaki unang'aa.

Slipway_Boy (#12)

Mimi pampu yangu inajiwasha kila baada ya dakika chache, inatoa maji sekunde tano inazima, usiku mzima. Boti haivuji nimekagua kila kona. Jamaa mmoja kaniambia niweke valvu ya kuzuia maji kurudi, ile inayofungua upande mmoja. Niweke?

FundiWaNgama (#13)

@Slipway_Boy usiweke kwenye ile pampu ya propela. Kinachotokea kwako ni kwamba pampu ikizima, maji yaliyobaki kwenye mpira yanarudi ngamani, mpira wa inchi moja na robo wenye urefu wa mita 4 unabeba lita 3 hivi. Ngama ya boti ya tanga ni nyembamba na ina kina, lita 3 zinatosha kuinua floti. Inawaka, inayapandisha yale yale, yanarudi. Betri inakwisha kwa kazi ya bure.

Ile valvu inaonekana kama dawa lakini inaleta ugonjwa mwingine. Inakwama na unywele au chembe ya mbao, ikikwama imefunga huna pampu. Hata ikiwa nzima, maji yaliyosimama juu yake yanaikandamiza na hewa iliyo chini yake inamnyima pampu nguvu ya kuifungua. Viwanda vingi vya pampu hizi vyenyewe vinakataza kwenye karatasi zao.

Dawa ni hizi. Kwanza mpira wa pampu ndogo uwe mfupi na mwembamba unavyoruhusiwa na mdomo wa pampu, ili kinachorudi kiwe kidogo. Pili pandisha floti kidogo iwe juu ya kiwango cha maji yanayorudi. Na kama hela ipo, ya chini ile badilisha iwe pampu ya diaframu, yaani inayovuta na kusukuma maji kwa kiwambo cha mpira badala ya propela. Hiyo inakaa juu sehemu kavu, chini unashusha mpira tu wenye chujio, inanyonya yenyewe, ina valvu zake ndani kwa hiyo maji hayarudi, na inakausha ngama kuliko propela. Lita zake kwa saa ni chache na inachukia takataka, chujio lazima lisafishwe. Ila kwa kazi ya kila siku kwenye ngama yenye kina mimi naipa kura yangu.

AbuMashua (#14)

Assalaam alaykum. Mimi mashua yangu ya mbao, ya tanga na mashine ndogo, tunapeleka wageni kisiwani Mbudya. Yangu haiko kama hizo zenu, mbao zinapumua, pamba ya kalafati (ya kuziba mianya ya mbao) inatoka nyuzi, makumbi, mchanga wa wageni, wali unamwagika. Floti ya mkono ule unaonyanyuka inakwama kila mara. Nitumie ipi?

FundiWaNgama (#15)

Wa alaykumu salaam ndugu yangu. Kwako uchafu ndio adui namba moja. Ule mkono wazi unashikwa na nyuzi chini yake, ukibaki umenyanyuka pampu inawaka mpaka betri inakufa, ukibaki umelala ndio mbaya zaidi. Chukua floti iliyo ndani ya kikapu chake, au ile ambayo boya dogo linateleza juu na chini ndani ya bomba. Zile za elektroniki zisizo na kitu cha kutembea ni nzuri pia, ila baadhi zikipata utando wa mafuta au grisi zinachanganyikiwa zinadhani maji bado yapo, kwa hiyo kwenye mashua yenye mashine ya dizeli ndani zinataka kufutwa mara kwa mara.

Zaidi ya hapo tengeneza kizuizi. Chukua wavu wa plastiki wenye matundu ya milimita tano sita, zungushia eneo la pampu na floti, uache nafasi ya kutosha nje yake ili takataka zikijaa upande mmoja maji yapite upande mwingine. Hakikisha yale matundu ya kwenye mataruma (mbavu za chombo) yanayopitisha maji kutoka omo kuja nyuma yako wazi, pitisha mnyororo mwembamba ndani yake uwe unauvuta huku na huku, unazibua bila kufumua sakafu.

Na kwa kuwa unabeba wageni usiitegemee pampu ya umeme peke yake hata siku moja, ndoo na upo vikae mahali vinapoonekana.

Dada_Tanga (#16)

Kuhusu kutoa maji kwa mkono, World Sailing, shirika la dunia la mchezo wa tanga, kwenye kanuni zao za mashindano ya bahari kuu wanataka ndoo mbili imara za lita 9 au zaidi, kila moja na kamba yake. Na pampu ya mkono iwe inaweza kupigwa na vifuniko vyote vikiwa vimefungwa. Mtu akifikiria vizuri hilo la mwisho ni la maana sana, maana utakayekuwa unapiga pampu uko nje na usukani mkononi, bahari imechafuka, huwezi kufungua mlango wa kushukia ndani.

FundiWaNgama (#17)

Hasa. Pampu kama Whale Gusher na wenzake inafungwa pale pale kwenye kiti cha nahodha, mpini unaingia kutoka nje. Mpini nao ufungwe kwa kamba pale, kwa sababu pampu bila mpini ni pambo. Diaframu yake inakauka na kupasuka kama haitumiki, kila mkitoka ipigeni mara kumi na tano ishirini, itawaambia kama iko hai.

Jambo lingine nisilisahau, mafuta. Pampu haijui kuchagua, dizeli ikidondoka ngamani inaitoa baharini kama maji. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975 na matumbawe yake ndio yanayotuletea samaki na wageni. Weka sinia chini ya injini, na kipande cha kile kitambaa kinachonyonya mafuta bila kunyonya maji, kifunge kwa kamba kisije kuvutwa na pampu. Ukiona rangi rangi juu ya maji ya ngama zima otomatiki kwanza ukaushe mafuta kwa mkono, ukimaliza urudishe.

Kgmboni31 (#18)

Fundi nimeshaanza, jana nimetoa waya wote wa zamani na kweli ni unga wa kijani mtupu. Nimalizie na swali moja, nikishafunga nitajuaje kwamba imekaa sawa kabla sijaiacha peke yake?

FundiWaNgama (#19)

Hongera mkuu. Majaribio usiyafanye kwa kunyanyua floti na kidole, hiyo inapima floti tu. Mimina maji ya bomba ngamani, ndoo kwa ndoo, mpaka ndogo iwake yenyewe. Mwenzako akae nje na ndoo ya lita 20 kwenye tundu la kutokea, apime muda kwa simu. Ikijaa kwa sekunde 40 una lita 1,800 kwa saa, hiyo ndio namba yako ya kweli, iandike kwa kalamu ya kudumu karibu na swichi. Halafu toa fyuzi ya ndogo, endelea kumimina mpaka kubwa iwake na kengele ilie, upime hivyo hivyo. Kengele yenyewe iwe nje, yenye sauti ya kufika boti ya jirani, ya ndani hakuna atakayeisikia. Vipo pia vifaa vya laini ya simu vinavyokutumia meseji floti ya juu ikinyanyuka, hiyo inafaa sana kwa anayeishi mbali na maji.

Wakati kubwa inafanya kazi weka mita kwenye betri usome volti, halafu kwenye maungio ya pampu usome tena. Tofauti ikizidi 0.4 kuna mahali umeme unaliwa, fuata kiungo kimoja kimoja mpaka umpate mwizi. Fanya na hasi, watu wanaisahau hasi.

Mwisho rudisha fyuzi ya ndogo, zima swichi kuu kama unavyofanya ukiondoka, mimina maji tena mpaka yafike floti ya juu. Zikiwaka zote mbili hapo nenda nyumbani ukalale.

Kgmboni31 (#20)

Jumamosi maji yakiwa yamejaa natoka na ndoo na mita. Nitaleta namba zangu hapa, ndogo na kubwa.

AbuMashua (#21)

Na mie nasubiri hizo namba. Wavu nishaukata, kesho maji makavu nafumua sakafu.